Ruzuku ya programu huria: namna ya kuiomba, na namna ya kupima ilichofanya

Tangazo la ruzuku likishazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya watengeneza programu hapa Dar, maswali huja yale yale. Lazima niwe na kampuni? Andiko la maombi liwe na kurasa ngapi? Fedha za nje zitaingiaje? Halafu kuna lile linalochelewa, linalokuja wiki ya kuwasilisha ripoti: sasa matokeo nayapimaje?

Mwongozo huu ni wa anayeomba kwa mara ya kwanza ruzuku ya programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili, na hilo swali la mwisho nimelipandisha juu makusudi. Kupima kunaanza kabla hujaandika mstari wa kwanza wa andiko. Anayeanza huko hata kuandika hakumsumbui, maana anajua anaahidi nini.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni: maktaba ndogo ya lugha ya Python, yaani kipande cha msimbo ambacho programu nyingine hukitumia, inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili, kwa ajili ya risiti, ankara na hundi. Ukiipa 205,000 inapaswa kutoa "laki mbili na elfu tano". Ikikosewa itatoa "elfu mia mbili na tano", na mhasibu wa Kariakoo atasoma 200,005. Ni kitu kidogo, lakini watu wanakitegemea na hakuna anayekilipia. Miradi mingi huria iko hivyo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Msimbo ulio wazi mtandaoni, wenye faili la leseni. Msimbo usio na leseni watu wanauona tu, hawana haki ya kuutumia. Chagua leseni inayotambuliwa na Open Source Initiative, kama MIT, Apache 2.0 au GPL. Ukiandika "isitumike kibiashara", tayari si programu huria, na wafadhili wengi watakuondoa hapo hapo.
- Angalau mtumiaji mmoja ambaye si wewe wala si rafiki yako wa hosteli.
- Jina la kisheria la kupokelea fedha: wewe mwenyewe ukiwa na TIN, kampuni au jina la biashara lililosajiliwa BRELA, NGO, au taasisi nyingine itakayokubali kukupokelea na kukusimamia hesabu.
- Akaunti ya benki inayopokea fedha za kigeni, pamoja na SWIFT code ya benki yako.
- Faili moja la Excel. Usinunue mfumo wowote wa ufuatiliaji na tathmini. Kwa ruzuku ya kwanza hauhitajiki.

Hatua kwa hatua

1. Piga picha ya hali ilivyo leo. Fanya hivi leo hii, hata kama ruzuku yenyewe hujaiona. GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo wa miradi, inaonyesha takwimu za wanaotembelea na kunakili mradi wako kwa siku 14 tu zilizopita. Za nyuma ya hapo huzioni tena. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili fungua ukurasa huo, nakili namba, weka kwenye Excel. Anayejua kuandika skripti aiachie kazi hiyo.

Kisha hesabu nani anafanya kazi. Ndani ya folda ya mradi, ukiwa na git (chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo), andika:

`git shortlog -sn --no-merges --since=2025-01-01`

Badili tarehe uanzie miezi 12 iliyopita. Utapata majina na idadi ya mabadiliko ya kila mmoja. Ukiona jina lako lina 212 na anayefuata ana 3, umeshajua tatizo la kwanza la mradi wako, na pengine ndilo la kuombea fedha.

Ongeza haya: hitilafu ngapi zimeripotiwa na hazijajibiwa, ya zamani kuliko zote ina muda gani, toleo la mwisho lilitoka lini. Mwisho, andika kwa majina watumiaji unaowajua: duka gani, mfumo gani, mwanafunzi gani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

2. Andika sentensi moja ya badiliko. Sentensi ijibu swali hili: nani ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi? "Tutaboresha maktaba na kukuza jamii ya watengeneza programu" haijibu kitu. Hii inajibu: "Mfumo wowote wa mauzo utaweza kuandika kiasi hadi shilingi bilioni moja kwa maneno bila utata, na akitokea mtu wa pili mwenye uwezo wa kutoa toleo jipya, mradi hautasimama nikiugua."

Hapa Dar tuna mfano wa kujifunzia. Ramani Huria ilianza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi kuchora kata zinazofurika na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichangia. Idadi ya nyumba na mitaro iliyochorwa inaonyesha kazi iliyofanyika. Swali la matokeo ni jingine: mvua za masika zikikaribia, nani anaifungua ramani hiyo na anaamua nini kwa kuitazama? Namba zote mbili zinafaa kuandikwa, ila usiziweke safu moja ukadhani ni kitu kimoja.

3. Tafuta mfadhili anayelipia kazi ya aina yako. Hapa ndipo wengi hupoteza miezi. Wanaona kiasi cha fedha, hawasomi masharti.

Taasisi ya NLnet ya Uholanzi imekuwa ikitoa ruzuku za awali za kati ya euro 5,000 na 50,000, na mtu binafsi anaweza kuomba. Fomu yao ni fupi. Fedha wanazogawa kwa sehemu kubwa zimetoka Umoja wa Ulaya, kwa hiyo eleza kazi yako inaugusa vipi mtandao wa wote, usiishie Tanzania. Na ujue wanalipa baada ya hatua kukamilika, si kabla. Kama huna cha kula miezi miwili ya mwanzo, vunja hatua ya kwanza iwe ndogo.

Sovereign Tech Fund ya Ujerumani, iliyoanza 2022, inalipia utunzaji wa misingi ambayo programu nyingine zimejengwa juu yake, na maombi yao yanaanzia euro 50,000. Maktaba yetu ya tarakimu haifiki huko. Mfuko wa ubunifu wa UNICEF huwapa kampuni changa hadi dola 100,000 bila kuchukua hisa, lakini ni lazima uwe kampuni iliyosajiliwa katika nchi wanazofanyia kazi, na kazi iwe huria. Hapa nyumbani anza na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pale Kijitonyama, ambao ndio wasimamizi wa MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, na uulize dirisha la maombi lililo wazi linahusu nini hasa. Huwa linafuata vipaumbele vya taifa, hivyo maktaba ya msimbo peke yake haitawavutia. Iunganishe na tatizo wanalolijua.

Onyo: hakikisha dirisha bado lipo. Mpango wa Mozilla wa kusaidia programu huria, ulioanza 2015, ulishafungwa, na bado unatajwa kwenye orodha zinazosambazwa. Python Software Foundation nayo ilisitisha ruzuku zake kwa muda mwaka 2025 baada ya bajeti ya mwaka kuisha. Soma ukurasa wa mfadhili mwenyewe, usisome orodha ya mtu.

4. Vunja kazi kwenye hatua ambazo mtu wa mbali anaweza kuzihakiki. Kila hatua iishie na kitu kinachofunguka kwenye kivinjari: toleo lililotoka, majaribio yanayopita, ukurasa wa maelezo. "Utafiti wa awali" hauhakikiki. "Orodha ya namba 300 na maneno yake sahihi, iliyopitiwa na wahasibu wawili na mwalimu mmoja wa Kiswahili" unahakikika. Nne au tano zinatosha.

5. Tengeneza bajeti ya kweli. Hesabu saa, zidisha kwa kiwango chako cha saa. Saa 200 kwa euro 25 ni euro 5,000. Usijishushe ili uonekane nafuu: anayepitia maombi anajua kazi inachukua muda gani, na bajeti ndogo kupita kiasi inamwambia kwamba wewe hujui. Weka ndani ya hesabu:

- makato ya benki yako na ya benki ya kati inayopitisha fedha;
- kupanda na kushuka kwa shilingi kati ya kusaini na kulipwa;
- kodi. Neno ruzuku halikuondoi TRA, kaa na mhasibu kabla ya kusaini;
- intaneti, na malipo ya wapitiaji. Wale wahasibu wawili wana kazi zao;
- saa za kupima na kuandika ripoti. Usipoziandika utazifanya usiku, na zitaonekana ni za usiku;
- utunzaji baada ya toleo la mwisho.

Hilo la mwisho wafadhili wengine hulikwepa, kwa kuwa kitu kipya kina picha nzuri zaidi. Ling'ang'anie. Heartbleed, hitilafu kubwa ya usalama kwenye programu ya OpenSSL, ilipofichuka Aprili 2014, dunia ilikuja kujua kwamba OpenSSL, inayolinda sehemu kubwa ya tovuti, ilikuwa ikipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Fedha zilikuja baada ya moto kuwaka. Taja mfano huo kwenye andiko kwa sentensi moja, wanaoupitia wanaujua.

6. Chagua vipimo vichache, na uvieleze kabla ya kulipwa. Vinne au vitano, visizidi. Kila kimoja kiwe na namba ya leo kutoka hatua ya 1, namba unayotarajia, na mahali utakapoitoa.

Anza kwa kuondoa visivyofaa. Nyota za GitHub zinaonyesha umaarufu wa siku moja, na zinauzwa. Idadi ya upakuaji kutoka PyPI, ghala la mtandaoni la maktaba za Python, inahesabu mashine pamoja na watu: seva ya majaribio ya kampuni moja inaweza kupakua maktaba yako mara mia kwa siku bila mtu yeyote kuigusa. Itumie kuona mwelekeo tu. Idadi ya michango nayo ni ya kuangaliwa kwa jicho la pili. Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia miradi huria, mwaka 2020 iliahidi fulana kwa anayetuma michango minne. Miradi ikafurika mabadiliko ya kipuuzi, mtu kaongeza neno moja kwenye maelezo, hadi waandaaji wakabadili utaratibu siku chache tu baada ya mwezi kuanza ili mradi uhusike kwa hiari yake. Ukilipia idadi, utapata idadi.

Vinavyofaa ni hivi, kwa maktaba yetu.

*Miradi inayoitegemea.* GitHub ina orodha ya miradi iliyoitaja maktaba yako. Ifungue mmoja mmoja, tenganisha kazi za darasani na mifumo inayotumika kweli. Mitatu inayotumika inazidi arobaini ya mazoezi.

*Muda wa jibu la kwanza.* Mtu akiripoti hitilafu, anapata jibu la binadamu baada ya siku ngapi? Tumia kipimo cha katikati, yaani panga siku zote kwa mfuatano uchukue ya katikati. Ukitumia wastani, ripoti moja iliyosahaulika mwaka mzima itaharibu picha yote.

*Wangapi wakiondoka, mradi unasimama?* Tafuta idadi ndogo kabisa ya watu waliofanya nusu ya kazi ya mwaka. Mradi wa CHAOSS, ulio chini ya Linux Foundation tangu 2017, umeeleza kipimo hiki na vingine vingi kwa undani. Jibu likiwa mmoja, uko hatarini, na si hatari ya kufikirika. Machi 2024 iligundulika kwamba XZ Utils, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, imepandikizwa mlango wa siri na mtu aliyejipenyeza kwa miaka zaidi ya miwili, akijifanya kumsaidia mtunzaji aliyekuwa peke yake na aliyechoka. Kwa hiyo mtunzaji wa pili unayemtafuta awe umemfahamu kwa kazi yake.

*Usahihi.* Namba ngapi kati ya zile 300 zinatoka sawa. Kabla 241, baada ya ruzuku 300. Hakuna mfadhili atakayebishana na hilo.

*Maneno ya watumiaji.* Pigia simu watu watano kabla na watano baada. Swali ni moja: mara ya mwisho maktaba ilikukwamisha lini, na ulifanya nini? Andika jibu kama lilivyo.

Ukitaka kuweka kipande cha msimbo kinachotuma takwimu za matumizi kutoka kwa watumiaji, simama kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Wapenzi wa programu huria nao hawana subira na kitu kinachowachungulia. Mimi ningeliacha. Simu tano zinakwambia zaidi.

Kuna swali gumu ambalo mpitiaji makini ataliuliza: je, yote haya yangetokea hata bila fedha yetu? Huwezi kulijibu kwa uhakika kamili ukiwa na mradi mmoja. Unachoweza ni kuonyesha miezi 12 ya kabla karibu na miezi ya ruzuku, na kuchagua sehemu moja ya mradi ambayo haikulipiwa ili ilinganishwe. Kama hitilafu za tarakimu zimeisha huku zile za tarehe, ambazo hazikuwa kwenye bajeti, zimelala pale pale, hapo una hoja.

7. Andika andiko, kisha mpe asiyejua msimbo alisome. Anza na tatizo, si na historia ya maisha yako. Akisoma mara moja na akakueleza kwa maneno yake unataka kufanya nini, tuma.

8. Mkataba. Soma nani anamiliki msimbo, lini unalipwa, na nini kinatokea ukichelewa. Kama unapokelea kupitia NGO, kumbuka kanuni za 2018: mkataba wa fedha zaidi ya shilingi milioni 20 unapelekwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi baada ya kusainiwa. Jina kwenye mkataba lilingane herufi kwa herufi na la akaunti ya benki.

9. Pima kila mwezi, nusu saa. Fungua Excel, jaza safu, andika sentensi mbili za kilichotokea: "Tumetoa toleo 0.6. Umeme ulikatika siku tatu, majibu yamechelewa." Miezi sita baadaye sentensi hizo ndizo zitakazoeleza kwa nini mstari ulishuka Mei.

10. Ripoti. Kurasa tatu au nne. Jedwali la kabla na baada, kilichofanyika, kisichofanyika na sababu yake, fedha zilivyotumika. Kisichofanyika kiandike wazi: mfadhili anaweza kufungua ripo yako (hifadhi ya msimbo wako mtandaoni) na kuona mwenyewe. Iweke ripoti hadharani kando ya msimbo, isaidie na anayekuja nyuma yako.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kuahidi "kuwafikia vijana 5,000" kwa maktaba ambayo watumiaji wake ni watengeneza programu thelathini. Kuomba fedha za kipengele kipya wakati hitilafu za zamani zimejaa. Kunakili andiko la mtu aliyefanikiwa: wapitiaji ni wachache, na wanayakumbuka. Kuweka laptop mpya iwe nusu ya bajeti. Na kuandika andiko zima kwa msaada wa akili unde bila kulipitia, hadi mradi wa risiti unasomeka kama hotuba ya ufunguzi wa kongamano.

Ikikwama

*Umekataliwa bila maelezo.* Jibu kwa adabu, uliza sababu moja tu kuu. Wengine hujibu. Kisha tuma tena dirisha lijalo, ukiwa umebadili kitu kinachoonekana.

*Fedha zimetumwa, hazijafika.* Muombe mfadhili nakala ya MT103, hati ya benki inayothibitisha kwamba fedha zilitumwa, uende nayo tawini kwako. Mara nyingi tatizo ni majina: matatu kwenye NIDA, mawili kwenye mkataba. Beba na mkataba wenyewe, benki itauliza fedha ni za nini.

*Upakuaji umeshuka ghafla.* Kabla ya kuhuzunika, angalia miradi inayokutegemea. Ikiwa iko vile vile, huenda kampuni moja imebadili tu namna seva yake inavyohifadhi vifurushi. Andika hivyo kwenye ripoti.

*Hukupiga picha ya kabla.* Sehemu kubwa inarudishika. Historia ya git ina tarehe zote, na ripoti za hitilafu zina siku ya kufunguliwa na ya kujibiwa. Tovuti ya pypistats inaonyesha upakuaji wa siku 180 zilizopita. Wa nyuma zaidi uko kwenye data za wazi za PyPI ndani ya BigQuery, huduma ya Google ya kuchambua data. Kisichorudishika ni simu tano za kabla. Usizibuni, andika kwamba hazikupigwa.

*Mtu wa pili uliyemuandaa amepata ajira benki na hana muda.* Mwandikie mfadhili wiki hiyo hiyo, usingoje ripoti. Omba sehemu ya fedha iliyobaki imlipe mwingine, na umuombe anayeondoka aandike kurasa mbili za namna toleo linavyotolewa kabla hajakabidhi.

*Mfadhili anadai idadi ya wanufaika, na maktaba yako haina namna ya kuwahesabu.* Mpe mnyororo: mifumo mitatu inayotumia maktaba, maduka mangapi yanatumia kila mfumo kwa maelezo ya wenye mifumo yenyewe, na jina la aliyekupa namba hiyo. Ukifika mahali ambapo hakuna aliyehesabu, ishia hapo.